Mkwe Wangu Juu ya Jiko la Shule

Mwezi wa tisa huku kwetu Ihanda ni mwezi wa vumbi. Kahawa imeshachumwa, mahindi yako ndani, mashamba yamekauka, na upepo unaanza asubuhi haupumziki mpaka jua lizame. Malori yanayokwenda Tunduma unayasikia kabla hujayaona. Mwezi huo ndio shule inatuita. Darasa la saba wameshafanya mtihani wao, walimu wanapumua kidogo, na wazazi bado hawajazama kwenye kulima. Mwalimu Mkuu anajua kwamba mvua ikianza hatatupata tena.

Mimi si mzazi pale shuleni, mimi ni mlezi. Mjukuu wangu anasoma darasa la pili na anakaa kwangu, maana nyumba ya wazazi wake iko ng'ambo ya mto, na ule mto ukijaa mtoto mdogo havuki. Mama yake ni binti yangu. Anashinda Tunduma akiuza mchele, Wazambia wakimsalimia "mulishani" naye anawajibu "bwino" kama amezaliwa kwao. Baba yake ni fundi wa kupaua nyumba. Majina yao ninayo, na ya kila mtu nitakayemtaja hapa, hata ya watoto niliosoma nao darasa la nne kabla sijaachishwa. Ila siyaandiki. Tunapita njia moja kila siku, na mtu asije akasimamishwa barabarani kwa ajili yangu.

Basi siku ya mkutano tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu Mkuu ni mama wa makamo, amehamia kwetu kutoka mkoa mwingine, hana hata mwaka. Alitupa habari za shule moja baada ya nyingine. Choo cha wasichana kimekamilika. Shamba la shule limetoa mahindi ya kutosha uji. Anatafuta mtu wa kufundisha watoto kusuka mikeka na ungo, akapatikana. Anatafuta watu wa kuleta kuni, wakapatikana. Halafu akafika kwenye jiko.

Jiko letu lilikuwa kuta nne za tofali bila kichwa. Uji ulikuwa unapikwa nje, pembeni ya ukuta, na mwaka uliopita mvua zilipoanza kuni zililowa, moto ukazima, uji ukakoma mpaka mvua zilipokwisha. Mwalimu Mkuu alisema wazi kwamba mabati yamepatikana, kilichobaki ni mikono yetu. Jiko likipata paa na kuta zikikandikwa kabla ya mvua, uji utaendelea. Lisipopata, utakoma kama mwaka jana.

Mimi mwaka jana niliuona. Mjukuu wangu asubuhi hali kitu. Ukimpa kiporo anakigeuza geuza tu, koo lake linafunguka saa nne. Miezi ile isiyo na uji alikuwa anarudi nyumbani analala na sare, na mwalimu wake aliniita akaniambia mtoto analaza kichwa kwenye dawati, hasomi. Uji uliporudi, naye alirudi. Kwa hiyo nilisimama kabla Mwalimu Mkuu hajamaliza, nikasema kukandika niandikeni mimi. Watu wakapiga makofi. Sikuuliza nani anapaua.

Mwalimu Mkuu alikuwa na utaratibu wake. Alipanga kazi kwa familia, akiamini kwamba watu wa nyumba moja wataelewana vizuri. Akasema kwa furaha kabisa kwamba jiko litakuwa mikononi mwa familia moja: bibi atakandika ndani, na baba wa mtoto, ambaye ni fundi, naye amejitolea, atapaua.

Wenyeji wote waliinamia madawati. Mmoja nyuma alikohoa.

Kwa asiyejua nieleze. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Tangu amwoe binti yangu sijawahi kumtazama usoni yule kijana, wala kumtaja jina, wala kula mbele yake. Nikimwona anakuja njiani, mimi natazama pembeni, yeye anaingia kwenye mahindi mpaka nipite. Nikiwa na neno namwambia binti yangu, naye anampelekea. Sasa mtu kama huyo akae juu ya paa, mimi niwe chini yake, amesimama juu ya kichwa changu? Hata kulisema tu lilikuwa gumu.

Nilitaka kumweleza Mwalimu Mkuu, lakini mkwe mwenyewe alikuwa palepale mlangoni na wanaume wenzake, nami singeweza kumtaja akisikia. Mkutano ukaisha hivyo.

Jumamosi ya kwanza nilifika na udongo wangu mwekundu na samadi kwenye ndoo. Kabla sijaingia nikaona miguu ya mkwe juu ya ukuta. Nikageuka nikaenda kukaa nyuma ya madarasa. Yeye naye akaambiwa kwamba mama mkwe amekuja, akashuka, akaenda kujificha upande wa vyoo. Nikaingia. Mimi nilipokuwa ndani yeye hakuweza kupanda. Alipopanda yeye, mimi nilitoka. Siku ikaisha hivyo, kenchi za paa zimekaa nusu, na mimi nimekandika kipande cha ukuta kisichozidi mkeka.

Aliyekuwa anatupelekea maneno ni mama mmoja Mwislamu, mume wake dereva wa malori, wametokea Tanga. Yeye kazi yake ilikuwa maji. Alichukulia jambo lote kama mchezo. Alikuwa anatoka kwangu anakwenda kwa mkwe, anatoka kwa mkwe anakuja kwangu, akicheka njia nzima.

"Bibi, kwetu mkwe anakaa sebuleni anaongezewa nyama," aliniambia.

"Na kwetu anapewa nyama," nikamjibu. "Ila mimi simwangalii akitafuna."

Alicheka mpaka maji yakamwagika, akalazimika kurudi bombani.

Jumamosi ya pili ikawa kama ya kwanza: kenchi ziliisha, lakini mabati yakalazwa upande mmoja tu, bila misumari. Watu wakaanza kusema kwamba familia ile inachelewesha jiko. Mwenyekiti wa kamati alikuja akaniuliza kwa upole kama ningependa kubadilishana na mwingine. Nikamwambia ningependa, anitafutie. Akazunguka akakuta kila mwanamke ana kazi yake, na waliobaki wameshaanza kulima. Fundi wa kupaua bila malipo naye alikuwa huyo mmoja. Mwenyekiti akarudi mikono mitupu, akasema basi tumwombe Mungu mvua isiwahi.

Nilikaa siku nzima nawaza nijitoe. Binti yangu aliporudi kutoka Tunduma aliniambia mume wake naye anawaza hivyohivyo, anasema afadhali aache kazi kuliko kumkosea mama. Kumbe kila mtu alikuwa anataka kumpisha mwenzake, na jiko linabaki bila kichwa.

Siku hiyohiyo, ninapepeta mahindi, mjukuu wangu akaja akachuchumaa karibu yangu.

"Bibi, ni kweli mvua ikinyesha uji unaisha?"

"Nani kasema?"

"Mwalimu. Kasema labda tubebe viporo."

Niliendelea kupepeta, lakini sikuwaza tena kujitoa.

Jumamosi iliyofuata binti yangu aliniletea habari kwamba mume wake amekwenda Vwawa kutafuta misumari ya bati na atachelewa. Nikasema vizuri, leo nitakandika peke yangu. Nikaingia jikoni mapema, nikavua viatu, nikaanza ukuta wa ndani. Yule mama wa Tanga akaenda kuchota maji. Nikawa nafanya kazi kwa raha, udongo ukikubali.

Kumbe misumari aliipata njiani kwa mtu, akarudi. Akaja haraka, macho juu ya paa, asione ndoo yangu, akapanda kwa ngazi. Nilisikia bati likilia juu, nikajua. Nilitaka kutoka, lakini mlangoni ndipo alipoegemeza ngazi, na miguu yake bado iko pale kwenye vipandio. Nikarudi kwenye kona, nikafunika kichwa kwa khanga, nikasubiri amalize apishe.

Hapo ndipo upepo ulipobadilika. Ulitoka upande wa Zambia, na nyuma yake wingu jeusi. Mabati ya upande mmoja yalikuwa yamelazwa tu, yameshikwa na kamba na mawe, hayajapigiliwa. Upepo ukaingia chini yake, yakaanza kunyanyuka kama mtu anayefunua sufuria. Nilisikia jiwe likianguka nje, halafu lingine. Yeye akajilaza juu ya mabati kwa kifua. Akishuka yanaruka. Akibaki hawezi kupigilia, mikono yote imeshika. Na kamba iliyoyafunga ilikuwa inaning'inia ndani, mbele ya macho yangu, mwisho wake unacheza cheza.

Hapakuwa na mtu mwingine. Mabati yale yangeruka yangekunjika, na mengine hayapo.

Sijui alijuaje kwamba niko ndani. Pengine aliona samadi mlangoni. Mara nikasikia sauti yake. Tangu aoe, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia kwa karibu hivyo. Lakini hakusema nami.

"Wewe ukuta," alisema. "Kama kuna mtu mkubwa humo ndani, mwambie naomba radhi. Mwambie avute hiyo kamba aifunge kwenye nondo za dirisha."

Nilikumbuka mama yangu mzazi. Zamani mkwe wake alipoleta kuni, mama aliongea na mafiga. Alikuwa anayaambia mafiga kuni zishushwe hapa, na mkwe huko nje anasikia anashusha. Sisi watoto tulicheka, tukadhani mama amechanganyikiwa. Nilikuwa nimelisahau kabisa jambo hilo.

Nikashusha khanga mpaka machoni, nikatazama chini, nikaishika kamba kwa mikono yenye udongo. Nikavuta kwa uzito wangu wote, nikaizungusha kwenye nondo kama nafunga ng'ombe.

"Ukuta," nikasema, "mwambie aliye juu kamba imekaza. Apigilie, asihangaike na mimi."

"Ukuta, mwambie arudi nyuma, bati lisije likamwangukia."

"Mwambie nimesharudi."

Nyundo ikaanza kulia. Alipigilia haraka haraka, na kila alipohamia upande mwingine aliuambia ukuta, na ukuta ukaniambia mimi, nami nikafungua kamba nikaifunga dirisha lingine. Mara moja alinyamaza, nikajua amepungukiwa misumari. Ilikuwa imemdondoka ndani. Nikaiokota kwenye vumbi, nikaiweka juu ya ukuta kwa kunyoosha mkono, bila kuinua macho. Nikaurudisha mkono. Wa kwake ukaja ukaichukua.

Yule mama wa Tanga alirudi na ndoo kichwani, akasimama mlangoni kando ya ngazi. Alinikuta nimeuelekea ukuta, nauambia kwamba kona ya kushoto bado inapeperuka. Akatua ndoo, akaketi juu ya jiwe, akatusikiliza sisi wote wawili mpaka msumari wa mwisho.

"Bibi," akasema, "huu ukuta una adabu kuliko wanangu."

Juu kule nikasikia mtu anazuia kicheko. Mimi nilicheka ndani ya khanga.

Wingu lenyewe liliangusha matone machache tu, likaelekea Ileje. Lakini tangu siku hiyo kazi ilikwenda. Yeye alikuwa juu au nje, mimi ndani, na ukuta katikati. Bibi mmoja wa rika langu aliniambia si vizuri, tumeharibu mila. Nikamwambia sijamwona uso, sijamtaja jina, na mama yangu alifanya hivyo kwa mafiga. Akafikiri, akasema kama ni mafiga basi sawa. Mwalimu Mkuu alipoelezwa yote na mwenyekiti alinijia ameshika mdomo, akaomba samahani sana, akasema mwakani atatutenganisha. Nikamwambia asihangaike. Kazi zetu tumeshaziweza.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya zamu yangu ya kupika. Ilianza asubuhi, ikapiga bati kwa nguvu mpaka mimi na yule mama wa Tanga tukawa tunaongea kwa ishara. Kuni zilikuwa kavu, nimezipanga ukutani. Moto ulishika. Saa nne watoto walikuja mbio uwanjani, vikombe vimefunikwa kwa viganja, wakapanga foleni kuanzia ndani mpaka nje chini ya upenu, wakisukumana kuukwepa mchirizi. Mjukuu wangu alipofika mbele alichungulia ndani ya sufuria. Nikamjazia.

Watoto walipopungua nikaona kivuli nje ya dirisha. Alikuwa amekuja kukagua kama paa linavuja, amesimama chini ya upenu, analowa bega moja. Nikachota uji kikombe kizima, nikauweka juu ya ukingo wa dirisha, nikageukia upande wa pili.

"Ukuta," nikasema, "halivuji. Na kuna uji hapo, usije ukapoa."

Nikaenda kukwangua sufuria. Nilikwangua polepole, chini kabisa, mpaka nilipomsikia mjukuu wangu ananiita kutoka mlangoni, kikombe chake kimekuja kuomba tena. Nilipomaliza kumwekea nikatazama dirishani. Kikombe kilikuwa kimegeuzwa chini juu, kitupu, kimeoshwa na maji ya upenu.