Panya wa Niyubahwe

"Yule Niyubahwe anafuga panya ndani, anawapiga picha za matumbo kwa mionzi," Philomena alimnong'oneza jirani yake Kezia wakimenya mihogo. "Na mwanao analala ukuta mmoja naye. Shauri yako!"

Siku hiyohiyo Kezia alikihamisha kitanda cha mtoto. Niyubahwe alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, akakua akitengeneza redio hapa Kasulu, akaenda Dar kusoma. Sasa amerudi, na mlango wake haufunguliwi ovyo.

Asubuhi moja Kezia alibisha hodi, mwanawe Winnie mgongoni, akaamkia kwa Kiha. "Mwakeye, kaka. Panya wako wapi?"

Niyubahwe akacheka. "Wako maabara, mbali! Huko wanajaribiwa dawa kabla ya watu, na dawa hizo hutiwa chembe za kutoa mionzi mwilini mwao. Mimi natengeneza bodi, kibao cha saketi, ya kuigeuza mionzi hiyo iwe namba, kompyuta ipate kuchora picha. Hapa naijaribu kwa umeme tu."

Mwongo naye hujua kueleza, Kezia aliwaza, akichungulia pembeni. Hakuona panya. Mara mashine ya kusaga ya jirani ikanguruma, kioo cha kompyuta kikajaa madoa.

"Unaona? Bodi inadhani mashine ile ni mionzi. Inataka kufunikwa kwa bati."

Macho ya Niyubahwe yakatua kwenye kopo tupu la bati alilokuwa akilipigapiga Winnie. Kezia akakaza kanga. Mama yake alimfundisha kwamba kitu cha mtoto mdogo hakipewi mtu usiyemjua moyo.

"Mama Winnie," Niyubahwe akasema taratibu, "niazime hilo kopo la mtoto, niifunike bodi."