Gunia iliyorudi ukingoni

Leo imbwa yetu amenitia haya mbele ya binti yangu Neema.

Juma iliyopita alizaa watoto sita. Ni mara ya tatu.

Leo asubuhi mama mukwe akawatia ndani ya gunia, akaenda kuwatupa ziwani. Hivi njo tunafanya huku, na mimi nilinyamaza. (Ndiyo, nilinyamaza.)

Mawimbi ikarudisha gunia. Imbwa akaipasua.

Nilikuwa nimekaa mulangoni, ninamunyonyesha Neema. Imbwa akaja na mutoto wake mumoja mudomoni, amekufa, akamulaza kwa miguu yangu. Akaanza kumulamba ili aamuke.

Mama mukwe akasema: «Mama Neema, acha machozi. Ni imbwa tu!»

Bwana yangu njo alikataa munganga wa nyama amufunge kizazi. Eti imbwa akifungwa, hatalinda tena nyumba.

Leo nimemuambia: «Papa Neema, nitamupeleka. Ukikataa, gunia ya mara ya nne utaibeba weye.»



Nimemupigia munganga simu. Anasema tungojee kwanza maziwa yake ikauke.

Ninyi wenye mulishafunga imbwa zenu, zinalinda bado? Mujibu hapa, bwana yangu anasoma.

Mimi nimeshika jembe, nimufukie yule mudogo. Mama yake hajaacha kumulamba.