Mstari Uliokatwa kwenye Bango

Mama Wino hamwamini mtu. Akija fundi umeme, atasimama nyuma yake mpaka amalize. Mteja akimsifu, atamuuliza ana shida gani. Huu ni mwaka wa tisa namkatia karatasi katika kiwanda chake kidogo cha uchapaji, hapo pembeni mwa soko, na mpaka leo nikitoka jioni anautupia jicho mkoba wangu. Zamani nilikuwa nakasirika, sasa nimezoea.

Aliyesalimika na jicho hilo ni mmoja tu: mdogo wake, mwalimu. Mama yao alipofariki, Mama Wino aliacha shule akamlea, akamfundisha kusoma na kuandika, kisha akamsomesha kwa kuchapa kadi za harusi na vitabu vya risiti. Basi mwalimu aliposema anagombea udiwani ili soko letu lisiuzwe na kujengwa ghorofa, dada mtu alifurahi hadi akatununulia soda, jambo ambalo sisi wafanyakazi hatukuwahi kulisikia. Bango alilipanga kwa mkono wake: picha ya mwalimu, na chini yake kwa herufi nene, "Soko haliuzwi."

Siku mbili baadaye akaja bwana mmoja wa suti ya kijivu, mgeni kabisa. Alisema ametumwa na marafiki wa chama cha mwalimu kutoka mji mkuu, na kwamba mabango yote ya mwalimu watalipia wao. Alikuwa mpole, na upole wenyewe ndio ulionikera. Bei hakuuliza. Mama Wino akanikonyeza, maana kwake mtu asiyeuliza bei ana lake jambo.

Kwetu hakuna kinachoingia mashineni kabla mteja hajaipitia sampuli na kuitia sahihi. Bwana Suti akaondoka na sampuli, akaahidi kumwonyesha mwalimu na kuirudisha. Kesho yake dereva wake alileta bahasha mbili badala ya moja, akaondoka mbio. Ile ya pili haikuwa yetu. Ilikuwa ya mchapaji mwingine ng'ambo ya mji, na ndani yake mlikuwa na sampuli ya bango la mpinzani wa mwalimu, yule muuza saruji. Sahihi ilikuwa ya Bwana Suti, kwenye zote mbili.

Mama Wino alizilaza mezani sambamba. "Unaona? Huyu amenunua timu zote mbili. Sasa mechi ya nini?"

Kisha akaona kibaya zaidi. Kwenye sampuli ya mwalimu, "Soko haliuzwi" ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake imeandikwa "Maendeleo kwa wote." Mimi nilitukana, kusema kweli. Yeye alizitia karatasi kwapani, akaniambia nizime mashine, tukaenda shuleni.

Tulimkuta mwalimu peke yake darasani, anasahihisha madaftari. Dada yake alimwekea karatasi mbele.

"Mdogo wangu, watu hawa wanakuchezea. Wanamlipia na mwenzako, halafu wamekufutia neno lako. Achana nao. Mabango nitakuchapia mimi bure, hata yakiwa machache."

Mwalimu aliitazama ile ya muuza saruji kidogo tu, wala hakushangaa. "Dada, siku hizi kila mtu analipiwa. Mimi nikikataa, yeye hakatai."

"Na mstari?"

Niliyaangalia yale madaftari, yamejaa wino mwekundu, na mwandiko ni uleule wa kwenye sampuli. Mama Wino alikuwa ameshauona kabla yangu.

"Ni wewe," alisema.

"Hawakuniomba," mwalimu alijibu taratibu. "Niliona tu mstari ule utawaudhi. Usiniangalie hivyo, dada. Wewe sijakusahau. Nimeshakuombea chumba cha biashara, ghorofa ya chini, mbele kabisa, kila anayepita atakuona."

Mama Wino alivuta kiti cha mwanafunzi, akakaa.

"Chumba kwenye jengo gani?" aliuliza.