Rupia Zenye Alama ya Mbuzi

Jua halijatoka vizuri hapa Bahi, na Loisi ameshapiga magoti kando ya chungu, anapuliza moto. Udongo mweupe alioukwangua jana mbugani kauchuja. Maji yake sasa yanachemka mpaka ibaki chumvi tupu. Mkono mmoja unakoroga, mwingine unampungia kila apitaye.

"Mbukwa, mama! Karibu moto."

Mjane huyu anajulikana kuliko stesheni yenyewe ya reli. Watu wanasema ndiye aliyemkata Kaiza, mfalme wa Wajerumani, sikio.

"Wanazidisha," anacheka. "Nilikata ukingo tu. Sikio lake ndilo lilikuwa karibu."

Mambo yalianza alipowauzia chumvi wajenzi wa reli, akapata rupia tatu za fedha zenye kichwa cha Kaiza, kodi kamili ya kibanda chake. Kwa desturi ya Wagogo, mifugo haikai zizi moja. Unaigawa kwa marafiki wakutunzie. Loisi akazigawa rupia vivyo hivyo, na zisije zikachanganyika na za wenyewe, akazikata ukingoni alama ile ile iliyo sikioni mwa mbuzi wake.

Karani wa kodi alipofika, Loisi alizikusanya, akampa. Karani akazigeuzageuza, akazirudisha. "Mama, hizi zimeharibiwa."

"Zimeharibiwa wapi? Ndiyo kwanza zina mwenyewe."

Karani hakucheka. Ilibidi Loisi amuuze mbuzi wake wa maziwa, wa pekee, kwa Yahaya, mwenye duka kutoka Kondoa, apate rupia nzima.

Zile zilizokatwa? Wanawake wa gulioni wakazipokea kwa mtama. Alama wanaijua, na ukimrudishia Loisi anakupimia chumvi. Tangu hapo zinazunguka Bahi nzima.

Yahaya alizicheka. "Ya Kaiza inakwenda mpaka Ulaya. Yako haivuki hata mto Bubu."

"Na mimi nikitaka chumvi, nimfuate Kaiza Ulaya?"

Asubuhi hii Yahaya anakuja mwenyewe, kakunja ngumi. Anaifungua taratibu: rupia yenye alama. Mteja kamlipia nayo kaniki.

"Nipimie," anasema, macho pembeni.

Loisi anampimia, anajaza mpaka inamwagika. "Mbuzi wangu hajambo?"

"Anakula kuliko mimi. Lete chumvi ya rupia tatu, umchukue. Sijamwuza."

Loisi anasukuma kuni ndani zaidi. Kabla ya mvua, anasema, mbuzi atakuwa zizini kwake.

"Alama yake bado ipo sikioni. Ile hakuna karani wa kuikataa."