Foleni ya Ndege, Mtaa wa Msimbazi

Mama yangu alikuwa na sheria moja miaka ile ya uhaba: ukiona foleni, ingia kwanza, uliza baadaye. Anayeuliza kwanza hukuta mgongo wa mtu mwingine mahali pake. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, alikuwa akisema, na kila asubuhi alinitundikia kikapu mkononi hata kama hatukujua tunatafuta nini.

Asubuhi ninayoikumbuka tulijua. Tulitafuta sabuni. Dada yangu alikuwa amejifungua, hajamaliza arobaini, na chumba chetu cha kupanga pale Ilala kilijaa nepi mpaka kwenye kitasa cha mlango. Sabuni ya mche ilikuwa imeadimika mji mzima. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, sina mume, sina kazi, nina miguu. Kwa hiyo foleni zote za nyumba ile zilikuwa zangu.

Nilipofika Mtaa wa Msimbazi nikaiona: foleni ndefu, imekata kona na kupotelea uchochoroni, upande wa maghala. Nikaingia. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu nilimuuliza kinachotolewa. "Sijui, mwenzangu," akasema, "na mimi nimeikuta." Nyuma yangu akaja mwanamume wa ovaroli, fundi wa gereji huko Buguruni, aliyelalamika tangu alipofika. Alilalamikia jua, akalalamikia wanaochomekea, akalalamikia mawe. Watu walikuwa wanaweka jiwe kwenye foleni wanakwenda kunywa chai, na jiwe lilihesabiwa kama mtu.

Habari zilikuja mgongo kwa mgongo. Mara ni sukari, mara ni kanga, mara ni sabuni. Lisemwalo lipo, nikajipa moyo. Kilichotutatiza ni kwamba waliotoka walitoka mikono mitupu, tena wanacheka. Tukaamua kwamba wanaficha. Yule mwanamke wa mbele alimkagua bwana mmoja tumbo zima kwa macho, anatafuta palipotuna.

Mlangoni ndipo nilipoona. Ndani ya ghala, juu ya springi za lori, kilikaa kichwa cha ndege. Kichwa kitupu, kimekatwa shingoni. Ilikuwa ndege ya abiria ya zamani, ya mapangaboi, iliyotupwa kwenye nyasi za uwanja wa ndege mpaka mafundi wakaikata, wakaisugua kutu, wakaipaka rangi na kuirudishia mishale kwenye saa zake zote. Mbele ya vioo walitundika turubai lililochorwa barabara ya kurukia, mapaa ya mji na bahari. Fundi mmoja alikaa nyuma yake akikanyaga pedeli za baiskeli, turubai likawa linapita, na usukani ulifungwa nyaya za kulipandisha na kulishusha. Aliyekaa kwenye kiti cha rubani aliona nchi inamkimbia chini yake. Akikosea, taa nyekundu iliwaka na kengele ikalia kama ya shule: umeanguka. Walikuwa wameitengeneza ya kufundishia, na siku ile walikuwa wameifungulia wananchi waijaribu.

Niseme kweli, ndege sikuwa na haja nayo. Nilishapandisha kikapu kwenye kiwiko niondoke zangu. Kumbe msimamizi wa mlangoni, bwana mwenye filimbi shingoni, alikuwa akitutazama sisi wenye vikapu. Akacheka.

"Akina mama, hapa hapagawiwi sabuni. Tokeni kwenye mstari, wapisheni wanaume waonje urubani."

Haja ikanianza hapo hapo. Wenzangu walianza kutoka wakisonya, na mimi nikaweka kikapu chini, katikati ya miguu yangu.

"Dada, hukusikia?"

"Nimesikia. Hii foleni nimeipanga tangu asubuhi. Kinachotolewa hapa nakitaka."

Hajajibu, ukelele ukatoka upande wa barabarani. Sabuni imetoka! Duka la ushirika, mtaa wa pili, makatoni yanateremshwa sasa hivi! Yule mwanamke aliyekuwa mbele yangu alikunja kanga akakimbia, na wengine wote wenye vikapu wakamfuata. Moyo wangu ulikwenda nao. Nilimwona dada yangu kitandani, nikaziona na zile nepi, na nilijua kwamba nikitimua mbio sasa hivi nitapata mche, pengine miwili.

Msimamizi akatabasamu, akanionyesha njia kwa mkono, kwa adabu kabisa. "Haya, dada. Sabuni yako hiyo. Kimbia."

Laiti angenyamaza ningekimbia. Mpaka leo naamini hivyo. Lakini alivyolisema lile neno, kama mtu anayemtupia kuku punje ili atoke jikoni, miguu yangu ilikataa.

"Sikimbii," nikasema. "Zamu yangu imefika."

Alipuliza filimbi. Akawauliza watu wa nyuma kama wako radhi mwanamke wa sabuni awapotezee muda. Nikajua nimekwisha, maana aliyekuwa nyuma yangu ni yule fundi wa ovaroli, na nikitoka, zamu ni yake. Fundi akanitazama kwa hasira ile ile aliyoyatazamia mawe.

"Zamu ni ya huyu," akasema. "Mkianza kuwatoa waliopanga, kesho mtanitoa mimi. Mpandisheni, jua kali."

Nilipandishwa. Ndani mlinuka mafuta na ngozi kuukuu. Kwenye kiti cha kulia alikaa mwalimu, mzee wa mvi aliyewahi kuwa fundi wa ndege. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Msimamizi akachungulia dirishani. "Akae tu. Asiguse."

Hapo nilipandisha mori kweli. "Waliotangulia wameruka na wametua, nimewaona kwa macho yangu. Wao mmewapimia kilo, mimi mnanipimia robo? Huo ndio usawa mnaotuimbia kwenye mikutano?"

Mwalimu alikohoa. Nadhani alikuwa anacheka. "Shika usukani," akaniambia. "Vuta pole pole. Usiuvute kama ndoo ya kisimani."

Niliuvuta kama ndoo ya kisimani. Mji ukazama, mbingu ya rangi ya buluu ikajaa vioo vyote, halafu bahari ikaja juu yetu na kengele ikalia. Ghala zima liliangua kicheko. "Si nilisema?" akapiga kelele msimamizi. "Mteremshe!"

"Wanaoanguka mara ya kwanza wanarudia," nikasema. Uso ulikuwa unaniwaka, lakini mikono sikuitoa. "Bwana mwenye kofia alirudia. Na yule wa kabla yake."

Mwalimu akamwashiria fundi wa baiskeli, turubai likarudishwa mwanzo.

Mara ya pili nilivuta kwa vidole. Mapaa yakashuka taratibu, nikapita juu ya mji ambao nilikuwa naujua kwa nyayo tu, nikageuka pale nilipoambiwa nigeuke, nikaitafuta barabara. Nilitua vibaya. Springi zilitupigisha kichwa na nikamalizikia kwenye nyasi za rangi, nje ya mstari kabisa. Lakini kengele haikulia.

Mwalimu hakunisifu. Alisema alivyowaambia wote: "Haya, teremka. Anayefuata." Nilifurahi mno kwa maneno yale, nikacheka peke yangu mpaka uchochoroni, mikono mitupu kama wale tuliowashuku.

Duka la ushirika nilikuta makatoni matupu na watoto wanayagombania. Nikarudi Ilala kwa miguu.

Nyumbani sikudanganya. Niliwaeleza yote. Dada yangu aligeukia ukutani na mtoto wake. Alikuwa na haki. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo ilipotoka sabuni ulisikia."

"Nilisikia."

"Na hukwenda."

"Walitaka kunitoa kwenye mstari, mama. Nikakataa."

Alibeba beseni la nepi, akalitua mbele ya miguu yangu uani, akarusha juu yake fungu la majani ya mpapai, yale tuliyofulia siku za dhiki. Nilisugua mpaka viganja vikaniwasha. Povu la mpapai ni la kubembeleza, na nepi hazina huruma. Sikujuta, lakini nililia kidogo, kwa uchovu na kwa ajili ya dada.

Baadaye mama akaja akachuchumaa upande wa pili wa beseni, akaanza kukamua.

"Wanawake mlibaki wangapi?" akauliza.

"Mimi peke yangu."

Akaikung'uta nepi, akaianika, akainyoosha pembe zake.

"Wangekutoa," akasema, "ningevaa kanga zangu niende huko ghalani mwenyewe."