Kinyonga wa Marehemu Evaline

Kastori hakumpenda kinyonga yule hata siku moja. Alikuwa wa mke wake, Evaline, aliyemwokota siku walipopunguza majani ya ua wa masale, panga likiwa limemkata ncha ya mkia. Evaline alimpandisha kwenye mbuni wa kahawa ulio nyuma ya jiko, akamwita mpangaji wangu. Kila asubuhi alichovya mkono kwenye ndoo akaunyunyizia ule mbuni maji. Kastori akiuliza unauoshea nini mti, mkewe anacheka tu.

Sasa Evaline amelala kwenye migomba, jirani na wakwe zake, na msalaba wake bado unanuka rangi. Kunguru wakaanza kutua kwenye mbuni. Kastori akawaza: huyu akiliwa, hapa nyumbani kitabaki nini cha Evaline kinachopumua? Ng'ombe walimnunua pamoja. Kuku ni wa wajukuu. Kinyonga alikuwa wa Evaline peke yake.

Akamfungia.

Kule kwao Uru mnyama hazururi. Ng'ombe anakaa bandani, majani anakatiwa, maji analetewa, mavi anaondolewa. Mfugaji mzuri anajulikana kwa sakafu ya banda lake. Kastori amefuga hivyo tangu ujana, hajui kufuga kwingine. Akapigilia kibanda cha mbao, wavu wa kuku kwa mbele, sakafu ameipiga randa mwenyewe. Ndani akaweka tawi, bakuli la maji, na nzi aliowakamata kwa ng'ombe. Asubuhi akafagia. Jioni akafagia.

Nzi wakatoka kwenye matundu ya wavu. Kastori akawatazama wanavyotoka. Akaenda kusaka panzi, magoti yakimlalamikia. Kinyonga akamtazama panzi kwa jicho moja, jicho la pili likatazama ukuta, basi. Bakuli hakuligusa. Macho yakaanza kudidimia.

"Kunywa, mama," Kastori alimwambia, akimsogezea bakuli hadi kidevuni. "Kunywa, usiniaibishe."

Jirani yake Basili alikuwa anapita na mzigo wa majani kichwani.

"Mbe Kastori, mzee wetu! Mchumba anakula?"

"Pita."

"Nauliza tu. Wenzako wakimwona huyo njiani wanageuza, wanasema ni mkosi. Wewe umemjengea!"

"Nimesema pita, Basili."

Basili akapita akicheka, majani yakitikisika.

Jumamosi akaja Leonia, mdogo wake Evaline, kutoka Kirua Vunjo, na ndizi za mtori kwenye kapu.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

Hata hakukaa. Alifika kwenye kibanda akashika kiuno. "Shemeji, hili ni gereza."

"Ni banda."

"Na bakuli la nini? Huyu si paka. Anakunywa matone, kwenye majani. Kwani dada alikuwa anafanya nini pale kwenye mbuni kila asubuhi?"

Leonia akachovya mkono kwenye bakuli, akanyunyizia tawi. Tone likaning'inia kwenye jani. Kinyonga akanyoosha shingo, akanywa, akanywa tena.

"Umeishi na dada umri wote huo, hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

Neno hilo lilimrudia hata baada ya Leonia kuondoka. Lakini maji yalisaidia. Macho ya kinyonga yakajaa, panzi wakaliwa. Kastori akaanza kulala usingizi.

Haikudumu. Tumbo la kinyonga likavimba. Akaacha kula, akageuka mweusi mwenye madoa ya njano, akashuka kwenye tawi, na kutwa nzima akawa anakwaruza kona ya sakafu. Kastori akadhani ni uchafu unamsumbua. Akazidi kufagia. Chembe ya udongo ikionekana, anaitoa kwa kidole.

Bwana mifugo alipokuja kumchanja ng'ombe, Kastori akamvuta mkono hadi kibandani. Bwana mifugo akasimama mbali.

"Mzee wangu, mimi ni wa ng'ombe. Halafu mnyama wa porini hafugwi bila kibali. Watu wa maliasili wakija hapa je?"

"Waje wamtibu."

Bwana mifugo akafunga begi lake.

Ikabidi ampigie Leonia. Hakupenda.

"Anakwaruza wapi?" Leonia akauliza.

"Sakafuni. Tumbo limejaa kama kameza kokoto."

Leonia akacheka, na kicheko chake kilikuwa kile kile cha dada yake. Kastori akaiondoa simu sikioni kidogo.

"Shemeji, ana mayai! Alikuja nayo kutoka nje. Anatafuta udongo achimbe. Umemwekea udongo?"

"Banda ni safi."

"Usafi wako utamuua! Asipotaga yatamwozea tumboni. Mtoe."

"Nikimtoa ataondoka."

"Si aondoke!"

"Ni wa dada yako, Leonia."

"Dada hakumfungia hata siku moja."

Kastori akakata simu bila kuaga. Akajaza karai udongo, akaumwaga kibandani. Nusu ulimwagikia nje kupitia wavu. Kinyonga akachimba kidogo tu, kucha zikagonga ubao. Akaacha. Akalala na tumbo lake.

"Haya!" Kastori akamwambia kwa hasira. "Haya, umeshinda!"

Akamchukua kwa kijiti, akamweka chini ya mbuni ule, mahali pa udongo laini. Akakaa juu ya debe, gunia kichwani, maana manyunyu yalishaanza. Kuku wakaja, akawatupia kandambili. Kinyonga akachimba kwa kichwa mpaka akabaki mkia, ule mkia uliokatika. Kisha akageuka, akaingia kinyumenyume, akatulia. Mgongo wa Kastori ukakakamaa. Hakuinuka.

Jioni kinyonga akatoka, amesinyaa, uso una matope kama mtu aliyetoka kulima. Akafukia shimo, akalishindilia kwa miguu. Kastori akanyoosha mkono. Kibanda kilikuwa wazi pale pale. Kumkamata kiumbe wa mwendo ule ni kazi gani? Kinyonga akapita kando ya vidole vyake, akashika shina la mbuni, akapanda. Kastori akaurudisha mkono magotini.

Kesho yake alipekua mbuni ule jani kwa jani akiunyunyizia maji. Hakumwona. Jumapili Leonia alipokuja kutoka ibadani, alimkuta anachomeka miti ya miiba ardhini kuzunguka lile shimo, kandambili mguu mmoja.

"Umemwona?"

"Sijamwona. Hawa kuku watafukua kila kitu. Hayo mayai yanakaa muda gani?"

"Dada alisema karibu mwaka."

"Mwaka!" Kastori akatupa panga chini. "Mwaka mzima nifukuze kuku? Mwakani mimi nitakuwa wapi?"

"Hapa hapa, shemeji. Unafukuza kuku. Kwani ulikuwa na safari?"

Kastori akamtazama, akaguna, akaokota panga. "Nishikie huo mti," akasema. "Unapinda."