Kamera Tatu za Abubakar

Abubakar wa Likoni alizaliwa na hasira zake, na kila kamera aliyoipata ilimwongezea nyingine.

Ya kwanza ilikuwa takataka, tuseme ukweli. Mgeni mmoja aliitupa katika hoteli ya Shanzu ambako Abubakar alikuwa akiwaongoza watalii kuzamia, nayo ilikaa ndani ya kikasha cha plastiki kilichochubuka. Picha zake zote zilitoka kijani, na samaki walikuwa madoa tu. Hata hivyo alizileta nyumbani. Mjomba wake Mwidani, mvuvi na ndugu wa mamake, aliyemlea na kumfundisha kuzuia pumzi kabla hajajua kusoma, aliziangalia moja moja akasema, "Mashallah." Wavuvi wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Abubakar hakuwasamehe.

Ya pili, kikamera kidogo cha kufunga kichwani, ilitoa rangi, mradi maji yawe maangavu na jua liwe utosini. Hapo ndipo alipoanza kuleta picha za mambo yaliyomchefua: matumbawe yaliyovunjwa na nanga, nyavu zilizotelekezwa zikiendelea kuua. Kila jioni alishuka bandarini kwa wavuvi, simu mkononi, akawaonyesha na kuwatukana papo hapo.

"Nyinyi mwala hata mbegu!"

"Na wewe ulilishwa nini ukakua?" walimjibu, wakaendelea kuparua samaki wao.

Mjomba Mwidani alikuwa akikaa pembeni na fito zake, anasuka dema, ule mtego wa samaki ulio kama kapu kubwa lenye mdomo. "Njoo uketi nikuonyeshe, mwanangu," alimwambia kila mara. Abubakar alijibu kwamba madema ameyaona ya kutosha huko chini yanakowekwa. Jibu la kipumbavu, lakini wakati ule lilimpendeza mwenyewe.

Samaki walipozidi kuadimika, wavuvi walikubaliana kufunga kipande cha mwamba kiwe tengefu, mtu asishushe hata ndoana. Atakayekamatwa akiiba humo angefukuzwa bandarini, asitie chombo majini tena. Mwidani alinyoosha mkono wa kukubali pamoja na wenzake. Samaki wakaanza kurudi. Kisha wakaanza kupungua tena, na kila mtu akawa anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Abubakar wakati huo alikuwa na kamera ya tatu: dude zito ndani ya kasha la chuma, lenye taa mbili kwenye mikono yake. Aliinunua kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao, na tangu hapo hakumruhusu mtu kuigusa. Alizama nayo ndani ya tengefu kumwinda mwizi, na hakuchukua muda. Dema lilikuwa limefichwa chini ya jabali, limejaa tafi. Aliwasha taa, akapiga.

Ijumaa, baada ya alasiri, aliwakusanya watu wote kwenye banda la samaki. Aliunganisha kompyuta na ile runinga ya kutazamia mpira, akaiweka picha. Loo, ilikuwa safi! Kila ufito ulionekana, kila fundo.

"Mwizi yuko papa hapa," alisema. "Na leo atanitambua, wallahi."

Walitazama runinga, kisha wakatazama miguu yao.

"Zima hiyo, Abubakar," alisema Kache, mama anayekaanga samaki pale bandarini.

"Kumbe mwamjua!" Hasira ilimpanda mpaka sauti ikamkwaruza. "Nyote mwamjua na mwamfichia! Hamna haya!" Akaikuza picha hadi mdomo wa dema ukajaa kwenye kioo.

"Zima, nakuomba," akasema Anwar, mwenyekiti wao, kwa upole uliozidi kumchoma.

Kila mvuvi pale alijua kwamba msukaji humaliza mdomo wa dema kwa mkono wake mwenyewe, na mkono huo haufanani na wa mwingine. Abubakar hakulijua hilo, kwa kuwa hakuwahi kuketi akasuka hata dema moja. Alikuwa angali akiwatukana wakati mzee mmoja aliposimama nyuma, akishikilia nguzo.

"Ni langu," alisema Mjomba Mwidani.

Abubakar alitaka mtu acheke, aseme ni mzaha. Hakuna aliyecheka.

"Nje ya mwamba siwezi tena kufika," mzee aliendelea. "Mikono imekwisha. Nikaona haya kusema." Akamgeukia mpwawe, bila ukali wowote. "Lakini hawa wa nyuma hawaoni vizuri, mwanangu. Ikuze tena kidogo."

Na kidole cha Abubakar, kilichozoea kazi hiyo, kikaikuza.